Kutu ya Kulipia

Kijana kaja Ngamiani, barabara ya kumi na sita,
na baiskeli mpya ndani ya boksi, nailoni haijatoka.
"Fundi Shekiondo," anasema, "nizeeshee."
Nikadhani sikusikia. Kelele za bodaboda.
"Unasemaje?"
"Nizeeshee. Iwe kama ile ya babu kwenye picha:
nyeusi, madigadi mapana, breki za vyuma,
kiti cha ngozi chenye springi mbili nyuma,
dinamo ya kusaga tairi, na kutu kidogo
hapa, kwenye kengele. Isizidi sana."

Miaka thelathini na nne natoa kutu.
Kwa msasa, kwa mafuta ya taa, kwa ndimu,
kwa kucha hizi unazoziona nyeusi ukadhani hina.
Leo nalipwa kuitia.
Nikachota maji ya chumvi Raskazone, kidumu cha lita tano,
nikailaza kengele humo siku tatu, kama ng'onda.
Ikatoka imechakaa vizuri. Nami nikaona haya,
kama mtu aliyemfundisha mtoto kukohoa.

Siku hizi wapo wengi. Jumapili jioni wanapita kwa makundi,
vijana na kofia za viua,
mabinti wamekunja baibui, migongo imenyooka,
maana usukani ule wa juu haukuruhusu kuinama:
utake usitake unakaa kama karani wa mkonge siku ya mshahara.
Sicheki sana. Ada ya mwanangu inatoka kwenye fasheni hiyo.
Wale wale walioziuza kwa kilo, chuma chakavu,
mwaka zilipoingia pikipiki,
sasa wananiuliza: "Fundi, huna hata fremu?"

Ninayo. Iko ukutani, juu ya pampu.
Swala ya kike, bomba limeinama.
Kijana akaiona. Akataja laki tatu. Akataja nne.
Nikamwonyesha kikaratasi kilichofungwa kwa waya kwenye spoku:
MWANAMGENI, KIWANDA CHA KAMBA.
SPOKU SITA NA GOLOLI.
AMETANGULIZA 500. BADO 1,500.
"Hii si yangu. Ina mwenyewe."
"Mwenyewe yuko wapi?"
Hapo nikajidai natafuta spana.

Ijumaa baada ya swala naitoa Swala,
naizungusha mtaa mmoja, mpira usije ukafa kwa kukaa.
Juzi nikapitiliza. Nilikuwa na mawazo. Nikafika Makorora,
kuku akakatiza, nikapiga kengele.
Kengele yake ina kasoro, mlio wa pili haumaliziki:
krii, halafu kri,
kama mtu aliyekatizwa maneno.
Mama mmoja mbele ya karai la bajia
akainua kichwa kama aliyeitwa jina.

Hakuja mbio. Alifuta unga mikononi, pole pole.
Akashika usukani upande wa kushoto, palipolika,
kidole gumba kikaingia chenyewe.
"Nilipungukiwa elfu moja na mia tano," akasema.
"Mwezi ule ule kiwanda kikafunga.
Nikawa napita njia ya nyuma usinione."
"Miaka kumi na tisa, Mwanamgeni?"
"Aibu haina kalenda."

Nikamwambia bei ya kijana. Laki nne.
Akacheka mpaka bajia zikaungua.
Goti lake halikunji tena;
tuliliona sote wawili, hakuna aliyelitaja.
Tanga, waja leo waondoka leo, ndivyo wasemavyo.
Wa njia ya nyuma hawakumhesabu.

"Kesho mlete huyo kijana, nimwone ana adabu gani."
Kisha akakaa kwenye keria, ubavu, kama bibi harusi,
abiria juu ya baiskeli yake mwenyewe.
Mjukuu akarithi karai.
Nikakanyaga pedeli. Nzito. Cheni ikalalamika,
naye akanipiga mgongoni:
"Mafuta, fundi! Mimi nadaiwa spoku na gololi.
Cheni ni juu yako."